Tembe Nyekundu Nyumbani kwa Wafula

Nyinyi mnaochukua vijiji vyangu kuanzia mwezi huu mliniomba nisimame mbele yenu niseme machache kuhusu kazi hii ya afya ya kijiji. Nilikataa, kwa sababu nikisimama mbele ya watu maneno hunikauka mdomoni. Kuandika naweza, ingawa polepole, maana masomo yangu yaliishia darasa la nane. Kwa hiyo na nyinyi mnisome polepole. Najua mnacheka mkisikia nimestaafu na sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini mtu aliyeanza kazi kabla hajaota ndevu, akaiacha akiwa na mke na mtoto ili akasimamie kisiagi cha mahindi cha mjomba wake huko sokoni Kwanza, mimi naona huyo amestaafu kama wengine.

Habari za semina, vyeti na posho sitaziandika. Semina zilikuwa na chai nzuri. Vyeti mama yangu ameviweka chini ya godoro. Posho tuiache hapo ilipo, popote ilipo.

Siku ya kwanza nilipewa mfuko mweusi, tochi, glavu, barakoa, na vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vya kuwekea makohozi. Gambuti nilikuwa nazo. Nilitumwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akikohoa tangu wakati wa palizi hadi mavuno, upande wa pili wa barabara ya Webuye ukitoka Kiminini. Nilisimama langoni mpaka mbwa akachoka kubweka. Mzee akatoka, akautazama mfuko kabla ya kunitazama mimi.

“Hiyo umebeba ni nini?”

“Ni kikopo, mzee. Unakohoa, unatema ndani, mimi napeleka hospitali.”

“Mate yangu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na kutoka hapa mpaka hospitali, nani anajua unapitia wapi?”

Kwenye semina walitufundisha jinsi ya kufunga kifuniko, hawakutufundisha swali hilo. Mzee akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Akatikisa kichwa. “Sasa kijana wa watu wa Nyeri anataka kutembea na mate yangu kwa mfuko. Rudi nyumbani, bana.”

Nilirudi kwa Sista Nekesa, muuguzi wa kliniki ya kifua, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Alizaliwa Bungoma mjini, anavaa saa ya kiume, na hakuna siku nimemwona ameketi akimaliza chai. Nilidhani atamcheka mzee. Hakucheka.

“Amekuuliza swali la maana,” alisema. “Kwetu hata nywele ukinyolewa unaangalia zinaenda wapi. Mate ni ya mtu. Mpe kikopo abebe mwenyewe.”

Mzee alikibeba kikopo ndani ya mfuko wa koti mpaka maabara, akasimama dirishani akikazia macho mikono ya yule wa maabara mpaka kazi ikaisha. Alikutwa na kifua kikuu, akatibiwa, akapona. Tangu hapo sikuwahi kubeba makohozi ya mtu anayeweza kutembea. Na nyinyi msibebe.

Jambo la pili ni chai. Sisi ni Wakikuyu, na mama yangu alinionya nisile wala kunywa katika nyumba za Wabukusu, kwa sababu hujui nani ana jicho baya. Nilipozoeana na vijana wa huko niligundua kwamba mama zao waliwaonya vivyo hivyo kuhusu nyumba zetu. Ukikataa kikombe, umeshamwambia mwenye nyumba kwamba unamwona ni mtu wa sumu, na baada ya hapo hata umpe dawa ya kuponya maradhi yote, hataimeza. Mimi hungoja mwenye nyumba anywe kwanza, halafu nakunywa chote. Na usimsifu mtoto mchanga kwamba amenona. Akiugua kesho, wewe ndiye uliyemwangalia.

Sista Nekesa alikuwa akisema, “Wakikushuku usikasirike, Kariuki. Na wewe shuku. Kila nyumba ina kitu haikuambii.” Hilo nililishika sana, kwa sababu kwa mtu mwenye haya ni rahisi kushuku kuliko kuuliza. Ndiyo maana ninataka kuwaandikia kesi moja tu kwa urefu, ya boma la Wafula, kwa sababu pale kila mtu alishuku na mwenye kuuliza hakuwepo.

Wafula ni fundi wa baiskeli. Yeye na mke wake Nelima walitoka upande wa Bungoma, wakanunua kipande cha shamba nyuma ya Kiminini, wakajenga nyumba ya mabati na zizi la ng'ombe mmoja. Hatukuwajua. Jirani yao ni Mama Njoki, mjane wa watu wetu, ambaye dirisha la jikoni kwake linatazama moja kwa moja ndani ya boma hilo. Dirisha lile halina pazia.

Asubuhi moja Nelima alikuja kliniki akimshikilia mama mmoja mwembamba, amefunikwa leso mbili, anakohoa mpaka anainama. Wafula alibaki nje chini ya jua akishika baiskeli, na hakuingia hata mvua ilipoanza kunyesha.

“Huyu ni mama ya bwana yangu,” Nelima alimwambia sista. “Anatoka Matulo. Alikuwa anaugua peke yake huko, hakuna mtu.”

Hakuna aliyetilia shaka. Mama mgonjwa kwenda kwa mtoto wake wa kiume ni jambo la kawaida. Tukamwita Mayi, yaani mama, kama Nelima alivyomwita. Alipimwa, akakutwa na kifua kikuu. Sista akaeleza kama anavyoeleza wote: dawa ni kila siku kwa miezi sita, mtu mmoja wa nyumbani amwangalie akimeza, na mkojo utakuwa mwekundu, asishtuke, ni rangi ya dawa.

“Nani atamwangalia?” sista akauliza.

Nelima huondoka alfajiri na mafungu ya mboga za sukuma kwenda kuuza sokoni Kitale, anarudi jioni. Akasema haraka, “Mtoto wake. Si anafanya kazi hapo nyumbani?”

Mayi aliangalia sakafu. Mimi nikaona ni aibu ya ugonjwa. Wengi huangalia sakafu siku hiyo.

Nilipofika kwao mara ya kwanza nikakuta Mayi amewekwa katika stoo ya mahindi iliyosafishwa, mbali na nyumba kubwa, ukutani pametobolewa dirisha jipya. Nilimwambia sista, akafurahi sana. “Hao ndio watu wanasikiliza! Chumba chake, hewa yake.” Alitaka niwaambie wengine wafuate mfano. Hakuna mtu katika boma lile aliyekuwa amefikiria habari ya hewa, lakini hilo nililijua baadaye.

Nilipita pale kila wiki, na kila wiki nilitoka na wasiwasi zaidi. Wafula hakuwahi kuingia kwenye stoo. Asubuhi alichukua tembe, zile kubwa nyekundu, akaziweka juu ya kifuniko cha sufuria, akakiweka kifuniko juu ya jiwe mlangoni, akakohoa kidogo, akaenda zake hadi kona ya mbali kabisa anakotengenezea baiskeli. Akiona leso ya Mayi mlangoni, aligeuka akapitia nyuma ya zizi. Sikumwona hata siku moja akimpa mkono.

“Wafula,” nilimwambia, “sista alisema umwangalie akimeza.”

“Namwangalia.”

“Ukiwa huku?”

“Naangalia kutoka hapa.” Alikuwa amelala kifudifudi akinyoosha spoku za gurudumu, na hakuinua kichwa.

Mayi naye nilipomuuliza kama anameza, alisema anameza. Nilipomuuliza kama mtoto wake anamtunza vizuri, alivuta leso akasema, “Ni mtu mzuri.” Hakusema ni mtoto mzuri. Jagi la maji karibu na kitanda lilikuwa limejaa tangu asubuhi, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Mgonjwa asiyekunywa maji huku maji yapo anaogopa kitu ndani ya maji. Ndivyo nilivyofikiri.

Mama Njoki alinisubiri kwenye ua.

“Kariuki, wewe unaona hiyo nyumba?”

“Naiona, Mama Njoki.”

“Huioni. Mkaza mwana anaosha mama mkwe miguu. Miguu, Kariuki! Wa kwangu hata maji ya kunawa ananisukumia na mguu. Halafu yule anaitwa mtoto, hasalimii mama yake. Nyumba imepinduka juu chini. Kuna kitu.”

“Pengine anaogopa ugonjwa.”

“Ugonjwa gani? Na mama mwenyewe kila alfajiri anatoka kwa nepia pale mpakani, ameinama. Mama mzima anatafuta nini kwa majani ya ng'ombe kabla jua halijatoka? Huyo anapanda dawa. Ama wanamlisha kitu, anaenda kutapika. Chagua moja.”

Nilichagua ya pili. Nilisikia Mayi ana shamba huko Matulo, na mimi nimeona mashamba yakifanya watoto wabadilike. Nikaanza kumtazama Wafula kama mtu anayengoja. Kwa nini aweke tembe nje, kuku wakipita hapo? Kwa nini anakohoa akiziweka, kana kwamba anampa mtu ishara? Kila alichofanya kilinipa jibu, na kila jibu lilikuwa baya.

Miezi miwili ilipopita Mayi alipimwa tena. Makohozi yalikuwa bado machafu, vilevile kama siku ya kwanza. Sista Nekesa aliniita nje.

“Hizi dawa zinaingia kwa tumbo ya nani?”

Wiki hiyohiyo Mama Njoki alikuja kwetu na kitu kimefungwa ndani ya jani la mgomba. Alikuwa akikata nepia mpakani, akazipata tembe chini ya majani, nyingine mpya, nyingine zimeyeyuka kwa umande. “Ng'ombe wangu ndiye anatibiwa TB,” alisema. “Yule kijana anatupa dawa ya mama yake. Anataka afe. Sasa bado unasema anaogopa ugonjwa?”

Nilizipeleka kwa sista. Alizitazama kwenye kiganja, akavua koti lake jeupe, akapanda pikipiki nyuma yangu.

Tulipofika Wafula alikuwa kwenye baiskeli zake. Sista hakumsalimu vizuri. Alimwambia, “Wewe ndiye mtoto wake? Lete maji. Leo utamezesha mama yako mbele yangu.”

“Nelima atakuja jioni,” Wafula alisema.

“Sikuuliza Nelima. Ingia.”

Alisita mlangoni kama ng'ombe anayeona daraja la mbao. Sista akamshika bega akamsukuma ndani, nami nikafuata. Stoo ilikuwa ndogo. Mayi alikuwa ameketi kitandani. Alipomwona Wafula, alivuta leso akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta.

“Mpe kwa mkono,” sista alimwamuru Wafula. “Kaa hapa karibu. Mama, fungua mdomo, tuone chini ya ulimi. Mbele ya mtoto wako, kila siku iwe hivi.”

Wafula alijaza kikombe kutoka kwenye jagi akiwa amempa Mayi mgongo. Mayi alianza kulia chini ya leso, kilio cha sauti ya chini, kama mtu anayeugulia jino. Wafula akaweka kikombe chini, akageuka, akatoka mbio. Alipita kati yangu na mlango, akaruka ua, akapotea ndani ya nepia.

“Anatoroka!” Mama Njoki alipiga kelele kutoka dirishani. “Mshikeni! Ameua mama yake huyo! Anamlisha sumu!”

Pale njia panda kuna vijana wa boda hukaa wakingoja abiria. Neno sumu likisikika kwetu, hakuna anayeuliza la pili. Walimkamata kabla hajafika barabarani. Walimrudisha wamemkunja mikono mgongoni, shati limepasuka, watu wakiongezeka nyuma yao, wanawake na majembe kutoka mashambani. Mmoja alikuwa ameokota kipande cha mti wa ua.

“Sema ulimpa nini!”

“Sikumpa kitu.”

“Na mbona umekimbia? Mtu wa haki anakimbia sista?”

Wafula alikaza macho chini. Sista alikuwa anasema, “Ngojeni, ngojeni jamani,” lakini sauti yake haikuwa na nguvu, kwa sababu na yeye aliamini. Mimi nilisimama karibu na jiwe la mlangoni. Nataka mjue kwamba mti ule uliinuliwa mara moja ukamshukia Wafula begani, na mwenye kuushika ni kijana ambaye mnamjua, ni mtu wa kanisa.

Ndipo Mayi akatoka. Kwa wiki nyingi alikuwa hajatembea bila kushikwa, isipokuwa ile safari yake ya alfajiri. Alishika mwimo wa mlango, akasimama akimpa Wafula mgongo, uso wake umeelekea ukuta wa stoo, na akasema kwa sauti ya kukwaruza:

“Achilieni mtoto wa watu. Mimi si mama yake.”

Mmoja wa waliomshika Wafula akalegeza mkono. Mayi akaendelea:

“Mimi nimemzaa Nelima. Huyu ni mkwe wangu. Mnataka nifungue mdomo mbele ya mkwe wangu, ulimi nje, kama mbuzi?”

“Ati?” Mama Njoki alisema kutoka dirishani.

Sista Nekesa alikaa chini kwenye majani pale pale, mikono kichwani. “Wele wangu,” alimwita Mungu kwa Kibukusu. “Nimemsukuma mkwe ndani ya nyumba ya mama mkwe, nikamwambia amwangalie kwa mdomo. Mama yangu akisikia hii atanikana.”

Hakuna mtu pale ambaye hakujua mila hiyo. Hata sisi tuliotoka mbali, tumekaa na Wabukusu vya kutosha kujua kwamba mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Yule kijana wa boda alilaza mti wake chini polepole kana kwamba haukuwa wake. Waliomkunja mikono Wafula walianza kumpangusa vumbi. Hakuna aliyesema samahani. Walisema, “Sasa si ungesema, fundi?” Angesemaje, mke wake ameshasema vingine? Aseme mke wake ni mwongo?

Sista aliingia na Mayi ndani, nami akaniita nikae mlangoni. Akamuuliza polepole kwa nini alitupa dawa, ilhali Wafula alikuwa akiziweka tu nje na kuondoka.

“Ulisema mkojo utakuwa nyekundu,” Mayi alijibu.

“Nilikuambia usishtuke, mayi.”

“Sikushtuka. Uliniambia vizuri. Lakini hukuniambia nitakojoa wapi.”

Sista hakuelewa, wala mimi. Mayi akaonyesha kwa kidole kupitia lile dirisha jipya. Choo cha boma lile kilikuwa kimoja, na mlango wake ulikuwa unatazama pale pale Wafula anapotengeneza baiskeli. Mayi hakuwahi kukiingia tangu afike. Choo cha mkwe! Ameze dawa, anywe maji, achanganye maji yake mekundu na ya mkwe katika shimo moja, na kila akienda huko apite mbele ya macho yake? Ndiyo maana hakunywa maji mchana. Ndiyo maana alikwenda kwenye nepia kabla ya mapambazuko. Siku za kwanza alimeza, akaona ule wekundu kwenye majani, akaogopa kwamba watu wakiona watasema anatoka damu, waanze kuuliza ni mama gani huyu. Akaona afadhali aache. Tembe alizipeleka huko huko alikokuwa akienda.

“Nilijua nitakufa,” alisema. “Lakini kufa si aibu.”

Nelima aliporudi jioni tulimkuta amekwisha kusikia yote njiani. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa kwetu. “Mlitaka niseme nini? Ati nimeleta mama kulala kwa bwana yangu? Kaka yangu yuko mbali, nyumba yake imefungwa. Mngeniambia nimwache akohoe Matulo mpaka aishe? Mngesema tu, huyo msichana hana adabu. Nikasema ni mama ya Wafula, mkapiga makofi.” Kisha akamgeukia sista. “Na wewe ulisema stoo ni nzuri kwa ajili ya hewa. Mimi nilimweka stoo asilale chini ya paa ya mkwe.”

Sista Nekesa alimwambia, “Umeniweza.” Halafu akauliza nani ana jembe la kuchimbia.

Dawa ya kifua cha Mayi ilikuwa choo. Hakuna mahali pa kuandika hilo katika kadi ya kliniki, mimi nilitafuta. Wafula alianza kuchimba kesho yake upande wa pili wa boma, nyuma ya stoo, mlango ukitazama shamba la mahindi, njia yake isikutane na njia ya mtu mwingine. Ardhi ya pale ina mawe. Bega lake lilikuwa limevimba, akawa anachimba kwa mkono mmoja na kupumzika. Siku ya pili wale vijana wa boda walikuja, hawakusalimiana, wakashuka ndani ya shimo kwa zamu. Yule wa mti alileta mabati mawili yaliyotumika. Na kijijini watu hawakuacha kushuku. Nilisikia kwa masikio yangu sokoni: “Nyumba moja, vyoo viwili? Kuna kitu hapo.”

Kumwangalia Mayi akimeza kulihitaji mtu asiye mkwe, anayekuwa karibu kila asubuhi, na asiyeamini anachoambiwa. Sista alitazama lile dirisha la jikoni, akanitazama mimi. Mama Njoki alikataa mara moja, akakubali kabla hatujafika langoni. Alikuwa anakuja na uji, ananywa yeye kwanza, halafu anasimama juu ya Mayi kama askari.

“Inua ulimi. Huku je? Shavu hili? Kohoa nione.”

“We Mkikuyu, utaingiza kichwa kwa koo yangu,” Mayi alikuwa akimwambia.

“Si ulilisha ng'ombe wangu dawa? Nyamaza, fungua.”

Walitukanana hivyo kila asubuhi, na wakawa marafiki bila kukubali. Mayi alianza kunywa maji. Uso ukarudi. Kipimo kilichofuata kilikuwa safi, na cha mwisho kikawa safi.

Kutokana na hayo nilibadilisha jinsi ninavyoingia kwa boma jipya. Kabla ya kuuliza nani anakohoa, nauliza nani hawezi kukaa na nani, na nani anatumia choo kipi. Mtaonekana watu wa ajabu. Ulizeni tu. Na mkiuliza msikubali jibu la kwanza, hasa likija haraka na likiwa zuri.

Nilikuwepo siku Mayi alipoondoka kurudi Matulo. Kaka yake Nelima alikuwa amefungua nyumba yake, na boda ilikuwa inangoja njiani. Wafula alibeba mfuko wa Mayi, akauweka chini katikati ya uwanja, akarudi nyuma mpaka langoni. Mayi akatoka, akauchukua, akasimama akimpa mgongo. Aliniita nikae kati yao niwapelekee maneno.

“Kariuki, mwambie mkwe wangu nimeona kazi ya mikono yake.”

Wafula alikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kusikia hata akinong'ona. Niliona haya, lakini niligeuka. “Wafula, Mayi anasema ameona kazi ya mikono yako.”

“Mwambie Mayi mawe yalikuwa mengi, lakini mikono iko sawa.”

Nikamwambia.

“Mwambie,” Mayi akasema, na hapo sauti ikabadilika, “siku ile walimshika, nilimwona kwa dirisha. Mwambie nilichelewa kutoka kwa sababu ya miguu. Miguu ilikataa. Asifikirie nilikuwa napima kama nitoke au nisitoke.”

Nilimwambia Wafula maneno hayo yote, neno kwa neno, kwa sababu niliona hayakuwa yangu kuyapunguza. Alifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na grisi. Mwenye boda akapiga honi.

“Mwambie arudi wakati wowote,” alisema. “Choo ni chake. Hakuna mtu ataingia.”

Mayi alikuwa amesikia kila neno, kama nilivyosikia mimi. Hata hivyo hakuondoka. Alisimama pale na mfuko wake, akiangalia mahindi, akingoja. Nikageuka.

“Mayi, anasema urudi wakati wowote. Choo ni chako. Hakuna mtu ataingia.”

Hapo ndipo alipoitikia.